Je, Habari ya Kweli Yaweza Kuwa Ushuhuda wa Uwongo?

Mwezi huu napenda tulifikiri pamoja swali moja ambalo kwa kulitazama mara moja laonekana jepesi, kumbe lina uzito. Mtu akisema neno la kweli leo, na kesho akasema neno jingine la kweli, na kesho kutwa la tatu, je, yawezekana mwisho wa mwezi awe amesema uwongo? Wengi watajibu upesi: La, haiwezekani, maana kweli juu ya kweli huzaa kweli tu. Mimi nasema yawezekana, tena ni jambo la kila siku. Nitalionyesha kwa habari za watu walio mbali nasi, yaani Wachina waliohamia nchi za kigeni, na jinsi magazeti ya nchi hizo yalivyowaandika. Nimewachagua hao kwa sababu mtu huona dhuluma upesi zaidi katika nyumba isiyo yake. Tukiisha kuiona huko, tutarudi nyumbani kwetu.

Tuanze na nchi ya New Zealand. Mwaka 1865 wafanya biashara wa mji wa Dunedin waliwaalika Wachina waje kuchimba dhahabu, kwa kuwa wachimbaji wengi wa Kizungu walikuwa wameondoka kufuata machimbo mapya. Wachina wa kwanza walifika mwaka 1866, na wengi waliowafuata walikuwa wakulima wa jimbo la Guangdong. Angalieni basi: hawakuingia kwa hila, waliitwa. Walipewa mahali palipokwisha kuachwa na wenzao, wakauchekecha upya mchanga uliokwisha chekechwa, wakapata riziki yao humo. Dhahabu ilipopungua, wengine wakalima bustani za mboga, wengine wakafungua maduka ya matunda, wengine wakawa madobi. Mithali yetu yasema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hawa walilishika jembe kwa miaka mingi, wala hawakuacha kuitwa wageni.

Je, mtu wa namna hii alilala akiwaza nini? Aliwaza deni la nauli. Aliwaza mkewe aliyemwacha kijijini, maana katika mwaka 1881 Wachina wanaume katika nchi ile walihesabiwa 4,995, na wanawake wao walikuwa 9 tu. Mwaka huo huo serikali iliweka kodi ya kichwa ya pauni 10 juu ya kila Mchina aingiaye nchini, na mwaka 1896 ikapandishwa ikawa pauni 100. Wazee wetu waliijua kodi ya kichwa, na uchungu wake hauhitaji kuelezwa. Walakini kodi hii ya New Zealand ilikuwa na uchungu wake wa peke yake, kwa kuwa katika mataifa yote ya dunia iliwekwa juu ya Wachina tu. Ni mtu gani mwenye bustani ya mboga ambaye angeweza kulipa pauni 100 amlete mkewe, na 100 tena kwa mtoto? Tena aliuwaza uzee wake. Sheria ya mwaka 1898 iliyowapa wazee maskini msaada wa serikali iliwataja Wachina kwa jina na kuwatoa, nao hawakuupata hata mwaka 1936. Na mwisho aliwaza kifo, na nani atakayemzika.

Haya ndiyo yaliyokuwa maisha yao: deni, mke, kodi, uzee, kaburi. Sasa tufungue magazeti ya siku zile. Humo hatuoni deni wala mke. Twaona afyuni na kamari. Katika mji wa Wellington kulikuwa na njia moja iitwayo Haining Street, ambapo Wachina wengi walikaa na kufanya biashara. Magazeti yaliipamba njia hiyo kwa habari za giza, na wachora picha za mzaha walimchora Mchina mwenye macho ya hila na kucha ndefu. Watoto wa mji walionywa wasipite huko. Basi wenyeji walinunua kabichi kwa Mchina asubuhi, na jioni walisoma habari za Mchina mwingine kabisa, wala hawakuona kwamba watu hao wawili hawapatani.

Hapa ndipo atakaponijibu mtu mwenye akili: Lakini katika njia ile je, hapakuwa na afyuni? Hapakuwa na kamari? Nakiri kwamba vilikuwapo. Polisi waliingia, watu walishikwa, hakimu aliwahukumu. Mwandishi aliyeandika, "Jana watu watatu walitozwa faini kwa kucheza kamari," pengine aliandika kweli tupu. Je, gazeti lifiche maovu kwa sababu mwovu ni mgeni? Hasha. Mwizi ni mwizi, na jirani zake wana haki ya kujua.

Ila tazameni jinsi kalamu ilivyogawanya majina. Mzungu alipoiba, gazeti lilisema, "Fulani ameiba," nalo jina lake lilikufa naye. Mchina alipoiba, gazeti lilisema, "Mchina ameiba," na jina hilo halikuwa lake peke yake. Lilikuwa la dobi, na la mwenye duka, na la mtoto aendaye shule. Wenye kumtetea mwandishi watataja mithali ya samaki mmoja akioza. Mithali hiyo ni ya samaki waliokufa, waliomo katika tenga moja. Watu walio hai hawaozeshani hivyo. Tena Mzungu mwema aliandikwa pia: harusi yake, shamba lake, mwanawe aliyefaulu mtihani. Mchina mwema hakuandikwa, kwa sababu mtu alimaye mboga kwa amani si habari. Hivyo msomaji aliyesoma kwa miaka 20 alipata habari 100 za Wachina, labda zote za kweli, na picha aliyobaki nayo moyoni ilikuwa ya uwongo. Ndiyo maana nilisema yawezekana. Mizani yaweza kuwa na mawe halali, na bado mwenye duka akaiba, akiweka kidole chake upande mmoja.

Mtu asidhani ni jambo la maneno tu. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja jina lake Lionel Terry, aliyewachukia watu wa Asia, alitembea kwa miguu toka kaskazini ya nchi hata Wellington, akihubiri habari yake na kugawa kitabu chake. Tarehe 24 Septemba jioni aliingia Haining Street akiwa na bastola. Alimkuta mzee mmoja, mchimba dhahabu wa zamani, akampiga risasi akamwua. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa polisi akaeleza kwamba amefanya hivyo ili watu waisikie hoja yake. Alihukumiwa kufa, kisha akaonekana ana wazimu, akafungwa maisha. Wala hawakukosekana watu waliomwonea huruma muuaji.

Mzee aliyeuawa aliitwa Joe Kum Yung. Hakuwa amemkosea Terry neno lo lote, hawakujuana. Terry hakumtafuta Joe Kum Yung, alimtafuta Mchina, na Mchina ye yote angemfaa. Nasi tujiulize: huyu Mchina asiye na jina, ambaye mtu aweza kumpiga risasi bila kumjua, alitoka wapi? Hakuzaliwa Guangdong. Alizaliwa mezani pa waandishi, akalelewa na wasomaji. Sisemi kwamba mwandishi wa habari za kamari ni muuaji. Nasema kwamba muuaji alikuta kazi moja imekwisha kufanywa tayari, nayo ndiyo ngumu kuliko kuvuta bastola, yaani kumwondolea mtu jina lake.

Huenda msomaji atasema: Hayo ni ya zamani, watu wameerevuka. Na kweli mengine yamenyoshwa. Kodi ile iliondolewa mwaka 1944, na mwezi wa Februari 2002 Waziri Mkuu wa New Zealand, Bibi Helen Clark, aliomba radhi mbele ya watu kwa niaba ya serikali. Lakini mwaka mmoja tu kabla ya hapo jambo jingine lilitokea Uingereza, nalo latufundisha hatua ya pili ya ubaya huu. Mapema mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia katika mifugo ya nchi ile, na wanyama zaidi ya milioni 6 wakachinjwa ili kuuzima. Wakulima walilia. Watu wakataka kujua ni nani aliyeuleta. Ndipo gazeti moja likaandika, na mengine yakafuata, kwamba yamkini ugonjwa umeletwa na nyama iliyoingizwa kwa siri kwa ajili ya mikahawa ya Wachina.

Ushahidi ulikuwa wapi? Haukuwapo. Walakini watu walisadiki, maana kiti cha mshitakiwa kilikuwa kimewekwa tayari kwa miaka 100, kilichobaki ni kumkalisha mtu. Wateja waliacha kwenda mikahawani. Na mikahawa ile ni nini? Mingi ni duka dogo la chakula katika mji mdogo, baba jikoni, mama kwenye dirisha la kuuzia, mtoto amalizaye masomo yake ya shule juu ya meza ya kukatia mboga, ndiye pia awafasiriaye wazazi barua za serikali na maneno ya mganga hospitalini. Watu wa namna hii hukaa kimya mwaka hata mwaka. Safari hii hawakukaa. Mwezi wa Aprili 2001 walifunga milango yao wakaandamana katika London, na Waziri wa Kilimo, Bwana Nick Brown, akatoka akakutana nao, akasema kwamba shitaka lile halina msingi. Hivyo ndivyo mambo yaendavyo: kweli zilizochaguliwa kwa upendeleo hulima shamba, na uwongo mtupu ukipandwa humo huota siku ile ile. Mwaka 2020, tauni ya korona ilipotokea, Wachina wa nchi nyingi walitukanwa na kutemewa mate njiani, hata waliokuwa hawajaikanyaga China tangu kuzaliwa.

Sasa nafika kwenye neno ambalo labda litawashangaza wasomaji wengine. Kama kuwasema watu vibaya kwa jumla ni dhuluma, je, kuwasifu kwa jumla? Wengi hudhani sifa haina hatia. Tutazame Marekani. Mwaka 1882 Bunge la nchi ile lilitunga sheria ya kuwakataza vibarua wa Kichina wasiingie, wala haikufutwa mpaka mwaka 1943, wakati China na Marekani walipokuwa upande mmoja vitani. Kisha, mwezi wa Desemba 1966, gazeti moja kubwa la Marekani, U.S. News & World Report, likawageuza Wachina kuwa mfano wa kuigwa: watu wa bidii, watiifu, wajiinuao wenyewe bila msaada. Maneno mazuri, sivyo? Lakini gazeti lilieleza pia kwa nini linayasema. Siku zile watu weusi wa Marekani walikuwa wakidai haki zao, na Wachina waliwekwa mbele yao kama fimbo: Tazameni hawa, nanyi je?

Hivyo sifa hiyo iliwadhulumu watu wawili kwa pigo moja. Ilimdhulumu mtu mweusi, kwa kumpimia mzigo wa mtu ambaye njia yake haikuwa sawa na yake. Ikamdhulumu Mchina mwenyewe, kwa kuwa ilifunika umaskini wake. Mwaka 1982 washonaji wapatao 20,000 wa mtaa wa Wachina katika New York, karibu wote wanawake, waliacha kazi wakadai mkataba wa haki. Wanawake hao walikuwa wapi katika sifa ile? Na mtoto wa Kichina ambaye hesabu zinamshinda, atamwambia nani, akiwa kila mtu amekwisha kusoma kwamba watoto wa Kichina hawashindwi na hesabu? Sura ya karatasi yaweza kupakwa rangi nyeusi au rangi ya dhahabu. Kwa vyo vyote aliye nyuma yake haonekani.

Basi dawa ni nini? Wengine husema dawa ni waandishi waandike mema mengi kama mabaya. Hayo yafaa, ila hayatoshi, kama tulivyoona katika habari ya sifa. Mimi naona dawa ni kumjua mtu kwa mahangaiko yake ya kila siku, maana hayo ndiyo yaliyo sawa na yetu. Nitawapa mfano mmoja toka nchi ile ile ya New Zealand, nao ni mzuri kuliko yote niliyoyajua.

Nilisema Mchina wa machimbo aliwaza kaburi lake. Alitaka kulala kwao, kaburi lake litunzwe na wanawe. Basi chama cha Wachina wa Dunedin kilichanga fedha, kikafukua mifupa ya wenzao waliokufa ugenini, na mwezi wa Oktoba 1902 wafu 499 walipakiwa katika meli iitwayo Ventnor ili warudishwe China. Miongoni mwao alikuwamo Choie Sew Hoy, mfanya biashara aliyekuwa ameongoza kazi hiyo ya kuwarudisha wengine, naye akafa kabla haijaisha. Meli iligonga mwamba, ikazama karibu na pwani ya Hokianga, na watu 13 waliokuwamo wakafa. Baadaye mifupa ilianza kutupwa pwani na mawimbi. Wenyeji wa pwani ile ni Wamaori wa kabila za Te Roroa na Te Rarawa. Wazee wao wasimulia kwamba waliiokota mifupa, wakaizika katika ardhi yao wenyewe, wakawaambia watoto mahali ilipo. Zaidi ya miaka 100 ikapita ndipo wajukuu wa Wachina walipokuja kushukuru.

Wamaori hao huenda walikuwa hawajui neno moja la Kichina. Lakini walijua jambo moja la hakika: mfu ana watu wake, na watu wake wanamngoja. Jambo hilo moja lilikuwa kweli kubwa kuliko safu zote za magazeti ya Wellington.

Turudi sasa nyumbani, kama nilivyoahidi. Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto, yako makaburi ya Wachina. Wengi wao walikufa siku za kujenga reli ya TAZARA, iliyojengwa toka mwaka 1970 hata 1975. Katika kazi hiyo Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha. Hawa hawakurudishwa kwao, wamelala kwetu. Na mwaka 2019 mahakama ya mji huo huo ilimfunga mwanamke mmoja wa Kichina miaka 15 kwa biashara ya pembe za ndovu, na habari yake ikaenea duniani kote. Habari hiyo ilikuwa kweli, na hukumu ilikuwa halali. Lakini nauliza: katika maneno tuyasemayo juu ya Wachina waishio kwetu, wenye maduka, wajenzi wa barabara, wapishi, wake zao na watoto wao, ni mangapi yatokayo katika habari ile moja, na ni mangapi yatokayo katika kuwajua? Sisi ambao tumeumizwa kwa kuona Afrika yote ikichorwa katika magazeti ya Ulaya kama nchi ya njaa na vita tu, tunajua kidonda hicho kinavyouma. Anayejua uchungu wa fimbo hana udhuru akiishika.

Wasomaji wa gazeti hili si watu wa kusoma tu. Ninyi, na hasa walimu, ndio mnaowasomea wazee, ndio mnaoulizwa, "Habari gani za dunia?" na siku hizi ndio mnaopeleka habari toka simu hata simu. Mpelekaji wa habari ana sehemu yake katika ushuhuda. Amri ya nane sote tuliifundishwa tungali watoto, wala haikufungwa katika mipaka ya kijiji. Kwa hiyo, kabla ya kuipeleka habari ya mtu wa taifa jingine, jiulizeni maneno matatu. La kwanza: aliyetenda jambo hili ana jina lake, au amepewa jina la watu wake wote? La pili: kama angelitenda mtu wa kwetu, ningelitaja kabila lake? La tatu: nje ya habari hii, najua nini juu ya watu hawa, wanakula nini, wanamwogopea nani, wanazika wapi? Mkiona kwamba jibu la swali la tatu ni tupu, isemeni habari kama ilivyo, na mwongeze neno moja: "Huyu ni mtu mmoja, wenzake siwajui bado."

Neno hilo ni fupi, wala halimfichi mwovu. Lakini mzee akilisikia kwa mwalimu wake, kesho akienda dukani kwa Mchina atamwuliza jina lake. Nawatakieni amani.